Sahihi ya mhandisi isitiwe kwa muhali

Mhariri,

Kila jengo linapoporomoka katika nchi hii, maswali huanza siku ile ile, na huwa ni yale yale: mwenye jengo ni nani, mkandarasi yuko wapi, na kaunti ilikuwa wapi hata ghorofa zikaongezwa mbele ya macho yake. Ni maswali ya haki, na sina nia ya kuyapunguzia uzito. Ila kuna swali moja ambalo katika miaka yangu 31 ya kusimamia ujenzi hapa Mombasa nimelisikia likiulizwa mara chache mno, nalo ni hili: mhandisi aliyetia sahihi michoro ya jengo lile, aliwahi kuukanyaga mjengo wenyewe? Nakuomba nafasi katika gazeti lako nilizungumze swali hilo kwa urefu, kwa sababu naamini majengo mengi yanayotutia hofu yaliharibika mezani, siku sahihi ilipotiwa bila ya jicho, kabla hata ya mfuko wa kwanza wa simiti kufunguliwa.

Mimi si mhandisi. Nilikuwa msimamizi wa ujenzi, yaani mtu anayekaa kwenye mjengo toka asubuhi hadi jioni kuhakikisha kwamba kilichochorwa ndicho kinachojengwa, na kumwandikia mhandisi yale aliyoyaona. Nimefanya kazi chini ya wahandisi wengi, na walio wengi walikuwa watu waaminifu. Mmoja wao, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, alikuwa na mazoea ya kupanda juu ya slabu mwenyewe kabla zege halijamwagwa, akavua koti, akachutama na kupima kwa tepu nafasi kati ya chuma na chuma, hali akijua kwamba mimi nimekwisha kupima asubuhi. Siku moja nilimuuliza kama haniamini. Alinijibu kwamba ananiamini sana, lakini jina lililoandikwa chini ya mchoro si langu.

Jawabu hilo ndilo kiini cha barua hii. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ikaipa kazi ya kuwasajili wahandisi, kuwapa leseni, kuwachunguza wanapolalamikiwa, na hata kuwafuta katika daftari wakipatikana wamekiuka maadili ya kazi yao. Mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mhandisi. Ulinzi huo wote umewekwa kwa sababu moja rahisi, kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuikagua kazi ya mhandisi. Mama anayepanga vyumba viwili ghorofa ya tano huko Mtopanga anaweza kuangalia kama bomba linatoa maji na kama mlango unafunga, lakini hawezi kujua ndani ya nguzo iliyopakwa rangi nzuri mna vyuma vingapi wala ni vya unene gani. Ameiweka roho yake na za wanawe mikononi mwa mtu asiyemjua jina. Sisi watu wa pwani tunalo neno la jambo hilo, nalo ni amana. Na mtu aliyepewa amana hawezi kumkabidhi mwingine aishike kwa niaba yake kisha akasema kwamba yeye hakuiona ilipopotea.

Watu wakizungumza juu ya maadili ya uhandisi, mazungumzo huishia haraka kwenye hongo. Hongo ipo, nami nimeiona ikipita. Lakini katika mji wetu kuna jambo jengine ambalo kwa maoni yangu limeharibu kazi nyingi zaidi, kwa kuwa mtu hulifanya huku akijiona mwema, na jambo hilo ni muhali. Kwa msomaji asiyelizoea neno hili, muhali ni ule uzito wa kumkatalia mtu kwa kuwa ni jamaa, ni jirani, ni rafiki wa baba yako, au alikusaidia ulipokuwa na shida. Ami yako anajenga, michoro ameshachorewa na fundi, kaunti inataka sahihi ya mhandisi, naye anakujia nyumbani baada ya isha na kukwambia, "Mwanangu, nitilie sahihi tu, kazi yenyewe ndogo." Hakukupa pesa. Ukimkatalia, mama yako ataambiwa kwamba mwanawe amesoma akapanda kichwa. Basi unatia. Kesho anakuja rafiki yake ami, na kesho kutwa mkandarasi aliyesikia kwamba wewe si mgumu, na huyo wa tatu anakuja na bahasha. Sijapata kumjua mhandisi aliyeanza kwa bahasha. Niliowajua walianza kwa muhali.

Zamani muhali huo huo ulikuwa ukivuta upande mwingine. Waashi waliojenga nyumba za Mji wa Kale kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko walijua kwamba upana wa chumba hauwezi kuuzidi urefu wa boriti, na hawakuthubutu kumnyoshea tajiri chumba zaidi ya hapo, kwa sababu mwashi na aliyemjengea waliishi mtaa mmoja na kusali safu moja. Dari likishuka, mwashi angelikutana na mwenye nyumba kila siku ya maisha yake, na hilo lilikuwa likimzuia kuliko sheria yoyote. Leo mhandisi anaweza kutia sahihi jengo la Bamburi au Mishomoroni, na asikutane kamwe na hata mpangaji mmoja wa jengo hilo. Anayemuonea haya ni tajiri aliyekaa mbele yake, na hao watakaolala humo hawana uso.

Pengine mtu atasema kwamba, ikiwa hesabu ni sahihi, mhandisi kutofika kwenye mjengo si neno. Namjibu kwa kisa cha Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981, katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency, madaraja mawili ya kupitia watu yaliyoning'inizwa moja juu ya jingine yaliwaangukia watu waliokuwa wamekusanyika chini kucheza dansi, na watu 114 wakafa. Katika mchoro wa awali, fimbo ndefu za chuma zilitoka kwenye dari, zikapita katika daraja la juu na kushuka hadi la chini, na kila daraja likashikwa na nati zake. Watengenezaji wa vyuma wakaona ni kazi ngumu, wakazikata fimbo ziwe mbili mbili: za kwanza kutoka dari hadi daraja la juu, za pili kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa macho ni mabadiliko madogo. Chukua kamba moja, funga kikapu cha nazi katikati yake na kingine mwishoni, kila kimoja kwa fundo lake. Kisha ukifungue hicho cha chini na kukining'iniza kwenye kitako cha kikapu cha juu. Kamba ni ile ile na nazi ni zile zile, ila fundo la kikapu cha juu sasa limebeba vikapu viwili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nati za daraja la juu. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za mji ule, na mabadiliko yakaiongezea dosari hiyo dosari ya pili. Michoro iliyobadilishwa ilipita ofisini kwa wahandisi, ikatiwa muhuri, na hapana aliyekaa kulihesabu lile fundo. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Walijitetea kwamba kazi ya kuhesabu viungio kwa desturi hufanywa na watengenezaji, na utetezi huo haukukubaliwa: muhuri ulikuwa wao.

Huo ni mfano wa kosa lililokuwa kwenye karatasi, na bado halikuonekana. Hapa kwetu yapo mengi ambayo hayafiki kwenye karatasi kabisa, na yeyote anayedhani anaweza kuusimamia mjengo wa Mombasa akiwa amekaa ofisini hajaijua Mombasa. La kwanza ni chumvi. Zege lililo zuri hukilinda chuma kilichomo ndani yake, kwa kuwa simiti hukizungushia chuma utando unaozuia kutu. Chumvi ikipenya mpaka hapo huuvunja utando huo, na kutu ikianza hutanua, kwa sababu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, ikalisukuma zege kutoka ndani hadi likapasuka na kubambuka. Ndiyo maana karibu na bahari zege linalokifunika chuma hutakiwa kuwa la milimita 50 au zaidi, ilhali ndani ya nyumba kavu ya bara 25 huweza kutosha. Mhandisi anaweza kuandika 50 kwenye mchoro kwa herufi kubwa anavyopenda; kama kwenye mjengo hakuna vile vipande vya kukiinua chuma kisigusane na mbao zinazolishika zege mpaka ligande, chuma kitalala juu ya mbao, na siku mbao zitakapotolewa kitakuwa kinaonekana kwa macho.

Tena chumvi haiji kwa upepo peke yake. Huja ndani ya mchanga uliozolewa ufuoni usiku na kuuzwa kwa bei nafuu, na huja ndani ya maji. Mchoro huamuru maji safi, lakini mchoro hauwezi kuonja maji. Maji ya bomba yakikatika, na kila mkaazi wa mji huu anajua hukatika kwa muda gani, mkandarasi huchota kisimani, na visima vyetu vingi ni vya maji ya chumvi. Mimi niliyaonja. Kila lori la maji lililoingia na kila ndoo iliyochotwa niliiweka ulimini kabla haijamwagwa kwenye mashine, na nimewarudisha madereva wengi wa malori wakiwa wamekasirika. Mhandisi ambaye hakuwahi hata siku moja kuuliza maji ya mjengo wake yanatoka wapi, hajausimamia.

La pili ni ardhi. Chini ya sehemu kubwa ya kisiwa hiki kuna mwamba wa matumbawe, ambao kwa juu huonekana mgumu usio na shaka, lakini ndani una mapango na matundu yaliyoliwa na maji kwa karne nyingi. Na juu ya hayo sisi wenyewe tumechimba visima na mashimo ya choo, tukayafukia, tukasahau yalikuwa wapi. Nguzo moja inaweza kukaa juu ya jabali, na ya pili, hatua nne kutoka hapo, ikakaa juu ya pango lililofunikwa na jiwe jembamba. Hilo hujulikana kwa kuchimbua na kuchunguza chini ya msingi, shimo kwa shimo, kabla ya kumwaga, na uamuzi wa kuendelea au kuongeza kina ni wa mhandisi, naye anapaswa kusimama ukingoni mwa shimo lenyewe na kutazama ndani. Picha aliyotumiwa kwa simu haimwonyeshi mwangwi wa mtaimbo unapogonga mahali penye uwazi.

Sasa nitaeleza jambo lililonikuta mwenyewe, na nitaliacha bila ya majina. Miaka mingi iliyopita nilikuwa msimamizi wa mjengo wa ghorofa sita upande wa bara kaskazini. Jina la mhandisi lilikuwa kwenye ubao mbele ya mjengo, na lilikuwa jina la kuheshimika. Katika muda wa miezi kumi na moja hakufika. Kitabu cha ukaguzi, ambacho mhandisi hutakiwa kuandika humo aliyoyaona na kuruhusu zege limwagwe, kilipelekwa kwake mjini kila Ijumaa ndani ya mfuko wa nailoni na kurudi Jumatatu kimetiwa sahihi, nyengine zikiwa kwenye kurasa ambazo tarehe zake zilikuwa hazijafika. Ofisi yake ilikuwa imemleta kwenye mjengo binti mmoja, mhandisi mhitimu aliyekuwa bado anatafuta uzoefu wa kusajiliwa kamili, na nadhani walimleta ili ionekane kwamba kuna mtu.

Binti yule hakukaa kivulini. Asubuhi moja alizipima nguzo za chini zikiwa zimeshasukwa vyuma na mbao zinaanza kufungwa. Mchoro uliamuru vyuma 8 vya milimita 16 katika kila nguzo, naye akakuta vyuma 8 kweli, ila vya milimita 12. Kwa mtu anayepita njia ni vyuma tu, na tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa kidole. Lakini nguvu ya chuma hufuata eneo la mkato wake, na chuma cha 12 kina eneo linalozidi kidogo tu nusu ya lile la chuma cha 16, kwa hiyo kila nguzo ilikuwa imeibiwa karibu nusu ya chuma chake kabla ya kubeba chochote. Alikwenda kwenye banda, akakifungua kitabu, akaandika kwa wino mwekundu kwamba zege lisimwagwe, akataja nguzo moja moja kwa nambari zake, akatia jina lake na saa. Kisha akanigeukia.

"Mzee, na wewe umeviona?"

"Nimeviona, mwanangu."

"Basi mbona husemi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeviona tangu jana yake. Mkandarasi alikuwa mtu wa mtaani kwetu, ndiye aliyeniombea kazi ile nilipokuwa nimekaa nyumbani miezi minane, na mwanangu wa kwanza alikuwa amelipiwa karo ya muhula ule kwa mshahara uliotoka mkononi mwake. Alipofika mchana na kuulizana na ofisi ya mhandisi kwa simu, binti aliambiwa asirudi tena, na jioni ile ile zege likamwagwa nami nimesimama pale nikihesabu toroli. Sikumwona tena tangu siku hiyo. Nikisema kwamba muhali huua, sisemi kwa kusikia.

Nilipostaafu niliandika kwa mamlaka inayohusika, nikataja jengo, nguzo na tarehe. Wakaguzi walikuja, wakapima, na nguzo zote za chini zikavikwa chuma na zege jipya, kazi iliyochukua miezi na kuwahamisha wapangaji. Siku ile ya wino mwekundu ingegharimu lori moja la vyuma.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu najua haukuwa mjengo mmoja, wala binti yule hakuwa wa kwanza duniani kuona na kunyamazishwa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha angani Challenger waliwaonya wakubwa wao kwamba baridi ingeifanya mipira ya kuziba viungio vya roketi hizo ishindwe kazi. Mkuu mmoja akamwambia mwenzake aliyekuwa msimamizi wa uhandisi avue kofia ya mhandisi avae ya meneja. Akaivua. Asubuhi yake chombo kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Huko Dhaka, Bangladesh, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza tarehe 23 Aprili 2013, mhandisi aliyeitwa akasema jengo halifai kukaliwa, benki iliyokuwa humo ikawaondoa wafanyakazi wake, lakini mafundi wa kushona nguo waliamriwa kurudi kesho yake. Jengo likaporomoka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walikuwa wakisema na mwenye nyumba anayelala ndani yake. Siku hizi anayelala penye ufa ni mpangaji au kibarua, na mwenye uwezo wa kuuziba anaishi kwengine.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu zaidi ya kiasi chake, na roho 272 zikapotea. Hapa Mombasa nyumba ambayo haikuguswa na msiba ule ilimjua iliyoguswa. Tarehe hiyo hiyo ya 29 Aprili, mwaka 2016, jengo la Huruma kule Nairobi liliporomoka wakati wa mvua na kuwaua watu wapatao 50, ilhali lilikuwa limeshaonekana kwamba halifai. Katika misiba yote miwili kiwango kilijulikana. Feri ilikuwa na idadi yake ya abiria, na jengo lilikuwa na kasoro zinazojulikana. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mlangoni akasema hapana, akijua kwamba hatafukuzwa kwa kusema hivyo.

Upo mfano mmoja ambao wahandisi hupenda kuutaja, nami nautaja kwa heshima yenye mipaka. William LeMessurier ndiye aliyelisanifu kwa upande wa uhandisi jengo la Citicorp la New York, lenye ghorofa 59, lililosimama juu ya nguzo kubwa zilizowekwa katikati ya pande zake badala ya pembeni. Mwaka 1978, jengo likiwa limeshakaliwa, aligundua kwamba viungio vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa havingestahimili upepo mkali unaokuja kwa pembe. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaendea wenye jengo akawaeleza kosa, na viungio vikachomelewa usiku kwa usiku hadi vikaimarika. Kwa hilo namsifu. Lakini watu wa mji ule, waliokuwa wakipita chini ya jengo lile msimu wa tufani, hawakuambiwa ukweli wa hatari ile mpaka mwaka 1995, na hapo simsifu, kwa sababu amana ilikuwa yao, na mwenye amana ana haki ya kujua ilipofikwa na hatari.

Nimewasikia wahandisi wakisema kwamba tajiri hulipa pesa za michoro tu na hukataa kulipa za usimamizi, na kwamba mtu hawezi kuupitia mjengo kila wiki kwa mafuta yake mwenyewe. Ni kweli, nami nawaonea huruma. Ila asiyelipwa kusimamia asikubali jina lake libaki kwenye ubao kama kwamba anasimamia. Aandike barua, ampe tajiri nakala, ampe kaunti nakala, aseme kwamba usimamizi wa jengo hili si wake kuanzia siku fulani. Barua ya namna hiyo haigharimu kitu, na kaunti ikiipata itajua kwamba kuna mjengo usio na jicho.

Ninayoyaomba ni machache. Ubao unaowekwa mbele ya kila mjengo uandikwe kwa Kiswahili, na chini ya jina la mhandisi ziandikwe tarehe alizofika yeye mwenyewe, zionekane na kila apitaye. Jirani atajua kusoma nafasi iliyo tupu. Kitabu cha ukaguzi kisitoke kwenye mjengo hata siku moja, na anayetaka kukitia sahihi akifuate kilipo. Majibu ya ile michemraba ya zege, ambayo mafundi huiita kyubu na ambayo huvunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu, yapelekwe kaunti moja kwa moja kutoka maabara, yasipitie kwa mkandarasi, kwani nimeona kyubu zilizotengenezwa kwa zege zuri la pembeni huku nguzo zikimwagiwa jengine. Na mhandisi kijana akiandika pingamizi, nakala ifike kwa Bodi siku hiyo hiyo, na yeyote atakayemwondoa kwenye mjengo baada ya hapo alazimike kueleza sababu kwa maandishi na kwa jina lake. Hili la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote. Vijana wanaosomea uhandisi katika chuo kikuu cha kiufundi pale Tudor wafundishwe hesabu za mihimili, ndiyo, lakini pia wakalishwe na wazee waliofanya kazi hii waambiwe jinsi ami anavyokuja baada ya isha, anavyozungumza, na maneno gani ya heshima yanaweza kumkatalia bila ya kumvunjia uso. Mimi sikufundishwa maneno hayo, na siku niliyoyahitaji sikuwa nayo.

Ukurasa ule wa wino mwekundu uliamriwa uchanwe. Mimi ndiye niliyepewa kitabu niuchane, nikauchana, lakini sikuutupa. Ndio nilioambatanisha na barua yangu kwa wakaguzi, ukiwa na jina la binti na saa aliyoandika, saa tatu na robo asubuhi. Nakala yake ninayo nyumbani. Ikiwa yuko popote anaposoma gazeti hili, na ikiwa kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alikosea siku ile, nampa ukurasa wake, na niko tayari kusimama mbele ya Bodi au mbele ya hakimu kueleza ni nani aliyeviona vyuma vile kabla yake.

Msimamizi wa ujenzi mstaafu,
Majengo, Mombasa.